Mkono Uliobaki Begani

Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, cherehani yako, na wote mnaokula chungu kimoja. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeanza tena ukaidi wake. Jirani yangu wa ukuta mmoja kahamia kwa mwanawe mpaka ugonjwa upite, kaniachia kuku watatu ambao hawajui kutaga, wanajua kula tu. Shule zimefungwa, na jiko la shule limefungwa nazo, kwa hiyo mpishi wako nipo nyumbani napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki.

Naandika kwa sanduku lako la posta la zamani kwa sababu ile namba ya simu anapokea mwanaume mwingine, na ameshachoka kunisikia.

Kanisa nalo limefungwa. Ibada inarushwa mtandaoni. Tunaoruhusiwa kuingia ni watano: Mchungaji, Karani wa kanisa, mpiga kinanda, fundi picha na kamera yake, na mimi wa kufungua mlango na kufagia. Jumapili ya kwanza Mchungaji alihubiria mabenchi matupu, akapotea katikati ya mahubiri. Akasimama kimya anayatazama, jasho linamtiririka, na poda aliyopakwa ili asing'ae kwenye kamera ikamtiririka pamoja na jasho. Basi Karani akaja na wazo lake. Kila muumini alete picha, ikuzwe pale kwenye duka la kuchapisha, ibandikwe kwenye kadibodi na isimamishwe mahali anapokaa siku zote. Na nani anajua kila mtu anakaa wapi? Mimi. Miaka ishirini na sita nawaonyesha watu viti.

Ungeziona hizo picha ungecheka mpaka ulie. Mmoja kaleta ya ujana wake, nywele zote zipo. Mwingine kaleta aliyopigwa baa, chupa kaifuta kwa wino lakini mkono bado umeishika. Mke wa mwenye duka kaleta mbili, akae pande zote mbili. Yaani nafagia katikati ya nyuso mia na thelathini, zote zinanichekea, hata moja hainyanyui miguu nipitishe ufagio.

Ukipata simu ya mtu, tazama Jumapili saa nne asubuhi. Kuna kitu utakiona, nadhani utafurahi.

Msalimie mwanao Sindano. Na mtoto wake, ambaye mpaka leo sijui anaitwa nani.

Dada yako


Tarehe 11 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani wiki tatu, na kwa yale niliyoyaona ingekaa hata mwaka. Sisi wazima. Suruali za watu zimejaa ukutani, hakuna anayekuja kuchukua kwa kuwa hakuna anayekwenda popote. Mimi na Sindano tunashona barakoa kwa vipande vya mashati, cherehani mbili zimetazamana, siku nzima hatusikilizani kwa kelele. Mjukuu wangu ametimiza miaka sita. Jina lake analo.

Simu tunayo, ya Sindano. Namba sikupi. Lakini nimetazama, kwa kuwa uliniambia nitafurahi.

Dada, nilitoka katika kanisa lile kwa miguu yangu miwili na nikaapa haitaingia tena. Wewe umenipitisha mlangoni bila miguu. Nimekaa benchi la pili kushoto, kwenye nafasi yetu ya zamani, natabasamu kama mjinga, na upande wangu wa kulia nani? Karani! Bega kwa bega! Mate yalinijaa mdomoni, nikaenda nje kutema. Nikarudi, yeye mwenyewe yupo mimbarini anasoma majina ya watu "waliojiunga nasi leo", mioyo myekundu inapanda kwenye kioo cha simu kama mapovu ya sabuni, na yule mwingine wa kadibodi yupo pembeni yangu anacheka. Karani wawili kwa mpigo. Tumbo langu halijazoea mambo hayo.

Lakini sikuandiki kwa sababu ya Karani. Begani kwangu kuna vidole vinne. Mkono mzima hakuna, mtu hakuna, vidole tu na kipande cha bangili ya vifungo. Aliyeviona kwanza ni mtoto. Bangili hiyo sasa anaivaa yeye, anaijua kifungo kwa kifungo. Akaniuliza, "Babu, huyu aliyekushika kaenda wapi?"

Sindano alikuwa amekaa pale pale. Akachukua simu, akaukuza mkono wake, akautazama, akairudisha. Halafu akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Nitoe hapo. Halafu uniambie huyo aliyenishika kaenda wapi.

Mdogo wako


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu, na pole kwa tumbo. Kuku mmoja ametaga hatimaye, yai dogo kama la njiwa, nimelipiga picha kichwani maana simu yangu haina kamera. Goti vile vile.

Umekasirika, na mimi nilidhani nakufurahisha. Benchi letu lilikuwa wazi, ukiacha nafasi ya Karani. Baba na Mama hawapo, wewe hupo, mimi niko nyuma ya kamera na ufagio. Mke wa mwenye duka alikuwa ameanza kulitolea macho, aweke picha yake ya tatu. Nikasema hapana, benchi hili lina wenyewe.

Kuhusu vidole, picha ile ilikuwa pana, karatasi haikutosha. Yule wa duka la kuchapisha ndiye aliyekata. Ana haraka sana mtu yule, foleni ya watu wamesimama mita mbilimbili mpaka barabarani. Sikuangalia vizuri.

Na kukutoa siwezi kwa sasa, kadibodi zimegongomewa. Wala usidhani huko ni kuzuri. Mende wamegundua gundi. Nikifungua mlango asubuhi nawasikia wanavyokimbia nyuma ya nyuso za watu, kishindo kama mvua ya manyunyu. Wameshamla mpiga kinanda sikio. Karani wamemtoboa shavu, na mjusi amemnyea paji la uso, na mimi ndiye wa kumfuta kwa kitambaa chenye maji. Namfuta huku nimegeuza uso. Jumapili anasimama mimbarini msafi, anasema, "Tazameni, familia yetu imetimia!" Nikitoka hapo sili mchana.

Sindano amesema nini?

Dada yako


Tarehe 24 Juni

Dada, shikamoo.

Hatujambo. Mtoto amekohoa siku nne, tukaogopa, imepita.

Sindano hajasema kitu.

Sasa nikuulize kuhusu huyo wa duka la kuchapisha. Ana mkasi wangu? Ule mkasi mkubwa niliokuachia siku nahama, kwa kuwa ulisema huna wa kukatia nyuzi za mifuko ya mchele jikoni? Mkasi ule una pengo karibu na ncha. Uliniponyoka ukaanguka juu ya saruji nikiwa mwanafunzi wa kushona, fundi wangu akanichapa kwa futi. Kila unapokata huacha kijino kidogo, na miaka kumi nilikuwa nikivisawazisha vijino hivyo kwenye nguo za watu. Nilimwambia Sindano akuze tena. Kijino kipo. Kipo juu ya kifundo cha mkono wake, na kingine chini ya kwapa langu. Picha ilikatwa ikiwa ndogo, halafu ndiyo ikakuzwa, na pengo likakuzwa nayo.

Unamdanganya fundi cherehani habari ya mkato?

Halafu nimeijua ni picha gani. Ni ile ya Mama alipotimiza miaka themanini. Ndiyo pekee tuliyopiga sote tukiwa tumecheka. Umeichukua ukutani, umeketi na mkasi wangu, na ukamkata mtoto wangu. Nimejaribu kufikiri uso wako ulivyokuwa wakati huo, nimeshindwa. Nimesikia kinyaa, Dada. Sijawahi kukuonea kinyaa kabla ya hapo, hata mwaka ule.

Mdogo wako


Tarehe 15 Julai

Mdogo wangu,

Umeandika neno hilo na umelitia posta. Haya.

Ndiyo, nilikata mimi. Unataka kujua? Karani alikuja na orodha. Picha zinazoruhusiwa ni za walio katika ushirika tu. Jina lako lipo, kwa kuwa hakuna aliyekutenga, ulijiondokea mwenyewe. La Sindano limepigwa mstari tangu mwaka ule, kwa kuwa aliondoka kabla ya kusimama mbele na kutubu. Nilipomwonyesha picha akaweka kidole juu ya uso wake akasema, "Huyu hapana. Huyu baba yake, sawa, tutapata mtu wa kujaza benchi." Kucha ya kidole hicho anaifuga ndefu, sijui ni ya nini. Nikabeba picha nikaenda nyumbani. Nikafikiri, kama ni lazima akatwe, basi nimkate mimi taratibu, kuliko mtu wa dukani.

Ni upumbavu, nimeuona. Mkasi ulipofika kwenye mkono ukakwama, nikauacha mkono kwako.

Lakini na wewe usinipande kichwani. Unaniandikia kama vile ulikuwa umebeba bendera. Walimweka Sindano benchi la nyuma peke yake, ana tumbo la miezi mitano na mume hana, imeamriwa asisalimiwe wala asipewe meza ya Bwana. Na wewe ulikaa wapi? Benchi la pili kushoto! Jumapili tisa, nilizihesabu. Jumapili tisa ulitazama mbele, shingo imenyooka kama umemeza rula. Hukugeuka hata mara moja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nilikuona.

Kuku wote watatu wanataga sasa. Sina wa kumpa mayai.

Dada yako


Tarehe 9 Agosti

Dada, shikamoo.

Wazima.

Ni kweli, Jumapili tisa. Nilidhani ukikaa kimya na ukavaa vizuri, jambo litapita. Ya kumi, mtoto mmoja wa benchi la mbele yake aligeuka akamchekea, na mama yake akamshika kichwa akakigeuza mbele, kama mtu anayefunga bomba la maji. Sindano akatoka. Nilisikia mlango, ndipo nikanyanyuka. Kwa hiyo aliyetoka kwanza ni yeye, mimi nilifuata. Watu wa hapa wananisifu kuwa nilimtetea binti yangu, na miaka sita sijawasahihisha. Hicho nacho kinanitia kinyaa, na hicho ni changu mwenyewe.

Kuna jingine ambalo hatujawahi kuliandika, wewe wala mimi. Sitaliandika. Ni lako.

Nakuuliza swali moja tu. Kipande ulichomkata kiko wapi? Kama ulikitupa, sema.

Mdogo wako


Tarehe 6 Septemba

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Jirani amerudi, amechukua kuku wake na hata asante hakusema, kaniuliza kwa nini wamenenepa. Goti linaniuma kwa sababu nitakayokuambia.

Sikukitupa. Kilikuwa ndani ya kitabu changu cha nyimbo, nimekifunika uso kwa karatasi kwa kuwa nilikuwa siwezi kuimba ananitazama.

Na hilo ambalo hukuliandika, ngoja niliandike. Jumapili ile ya kwanza Sindano aliingia amechelewa, akawa anakuja kwenye benchi letu. Karani alinitazama kutoka mbele, akainua kidevu tu. Nikamzuia mwanao pale mlangoni. Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha benchi la nyuma, kama ninavyomwonyesha mgeni yeyote. Akaniambia, "Shangazi, ni mimi." Nikasema, "Najua. Kaa pale." Hivyo ndivyo nilivyosema. Miaka sita naonyesha watu viti kwa mkono huo huo, na napikia watoto wa watu kwa mkono huo huo, na najiambia niliagizwa. Sikuagizwa. Kiliinuliwa kidevu tu.

Barua yako ilipofika nilichemsha unga wa ngano nikapata gundi, nikamrudisha nyuma yako. Mkono umeingia sawasawa, vijino vimekutana. Nikaenda kukuza. Jumapili iliyopita nilifika saa mbili, nikang'oa kadibodi yako ya zamani, misumari ilinikwangua goti maana nilikuwa nimepiga magoti sakafuni. Nikasimamisha mpya, wewe na Sindano nyuma yako, benchi la pili kushoto. Karani wa kadibodi nikamng'oa naye, nikamsogeza mpaka mwisho wa benchi, mende wake nao.

Karani mwenyewe akaingia dakika tano kabla. Akaona. Akaja kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, toa kitu hicho." Nikamwambia, "Aliyempeleka nyuma ni mimi, na nimeshamrudisha. Ukitaka aende tena, mpeleke kwa mkono wako." Mchungaji akaanza kutazama Biblia yake kana kwamba imeandikwa upya. Karani akainama kuing'oa, na mimi nimeshainamisha ufagio tayari, sijui nilitaka kufanya nini. Fundi picha, ambaye masikio yake yamezibwa na vile vidude vyake, akasema, "Tatu, mbili, moja," na taa nyekundu ikawaka. Karani akabaki ameinama mbele ya dunia nzima, ameshika mabega ya mwanao! Akafanyaje? Akainyoosha. Akaipangusa vumbi. Akatabasamu kwenye kamera na lile shavu lake lisilo na tundu, akaenda kusoma matangazo.

Baada ya ibada alinyoosha mkono, nikampa funguo. Miaka ishirini na sita, na hakuuliza hata ule wa choo ni upi. Kwa hiyo sijui kama Jumapili ijayo picha itakuwepo. Mimi nitakuwa nje kama wewe.

Fundi picha amenifuata barabarani. Anasema ule mstari wa mkato unaonekana, unapita kwenye kifundo cha mkono, na kwenye kompyuta yake anaweza kuufuta kabisa, picha ionekane haijawahi kuguswa. Anafanya bure. Nimemwambia asubiri, si langu kuamua. Muulize Sindano. Mwambie shangazi yake anauliza.

Dada yako


Tarehe 28 Septemba

Dada, shikamoo. Na pole kwa funguo.

Picha ilikuwepo Jumapili iliyofuata, na ya jana pia. Karani hawezi kuitoa tena, watu wameshaiona. Wanaandika chini ya kioo, "Jamani, yule si Sindano?" "Karibu nyumbani Sindano!" na mioyo inapanda. Sindano alizisoma zote mpaka mwisho, mdomo ameukunja kama ameng'ata limau bovu. Akasema, "Huyu alikaa mbele yangu wiki tisa. Huyu naye. Mkono hawakunipa, leo wananipa mioyo." Akazima simu. Hatarudi huko, Dada, usimngojee. Mimi pia sirudi.

Nilimsomea barua yako yote, hata pale pa mlangoni. Cherehani yake ilikuwa inakwenda, ikasimama. Halafu ikaanza tena kukimbia. Nikadhani ndiyo hivyo tena, nikarudi kwenye barakoa zangu.

Jioni akaja kukaa karibu nami. Anasema ile picha yenyewe, ile ndogo uliyoibandika kwa unga, uitume kwa posta pamoja na sehemu iliyobaki yenye Mama, mtoto anataka kumwona bibi wa mama yake na nyie wote. Mtoto anaitwa kwa jina la Mama. Ameniruhusu nikuandikie hilo.

Na kuhusu mstari, amesema, "Mwambie shangazi asiufute."

Mdogo wako